Pambo la Duka na Amana ya Muuzaji

Mwezi wa Shaabani unapokaribia kumalizika, wenye maduka ya nguo katika Mji wa Kale wa Mombasa, kama wenzao wa Lamu, Unguja na Kariakoo, hushika ufagio na ndoo ya chokaa. Kanzu mpya zimefika, leso zimefika, na kila mmoja ajua kwamba biashara ya miezi miwili ijayo ndiyo itakayolipa kodi ya duka na ada za shule. Katika siku hizo sisi huulizwa na vijana, nao huuliza kwa nia njema, duka dogo lisilozidi hatua nne kwa tano litapambwaje hata mpita njia asimame? Na wazee wao huuliza swali jingine, lililo zito zaidi: je, mapambo haya si israfu, na si hila ya kumtoa mtu fedha mfukoni?

Maswali hayo mawili twaonelea yajibiwe pamoja, kwa kuwa kwa hakika ni swali moja. Pambo la duka ni kauli. Kabla muuzaji hajafungua kinywa, kabati lake limekwisha sema, taa yake imekwisha sema, na nguo aliyoitundika mlangoni imekwisha toa ahadi. Basi lile linaloupasa ulimi wa Mwislamu katika biashara, lalipasa na kabati lake pia.

Tuanze na israfu. Katika Sura ya Al-A'raf Mwenyezi Mungu anawakemea wale wanaoharimisha pambo alilowatolea waja wake. Na aya iliyo kabla ya hiyo yakataza kupita kiasi. Aya hizo mbili zimekaa jirani, na mwenye duka azisome pamoja. Tena imepokewa katika Sahihi ya Muslim ya kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alipoonya juu ya kiburi, mtu mmoja aliuliza hali ya yule apendaye nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, akafahamishwa kuwa Mwenyezi Mungu apenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo hatuoni njia ya kumlaumu kijana aliyetaka duka lake lipendeze. Twaweza kumwuliza tu amelipendezesha kwa kitu gani, na kwa fedha ya nani.

Wala sisi watu wa pwani hatukuanza jana kupanga vitu vikapendeza. Aliyeingia katika zile nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa katika karne ya 18 ameziona zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu katika ukuta wa ndani. Humo ziliwekwa sahani na bakuli zilizoletwa na jahazi kutoka mbali, nyingine zikiwa za China. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, vyombo vya namna hiyo vilijengewa hata katika nguzo za makaburi, jambo ambalo katika fikihi lina maneno yake, wala si mada yetu hapa. Twataka msomaji akitazame kidaka chenyewe. Fundi alikipa kila chombo chumba chake. Nyuma yake akaweka weupe wa chokaa, ubavuni akaacha kivuli kidogo. Na bakuli moja likaonekana kama lingekuwa kumi. Hakurundika. Elimu yote ya kabati la duka dogo imo humo, na mwenye kuifahamu hana haja ya kwenda kuinunua kwa wauza vioo na taa.

Sasa tuje katika lile zito. Bwana Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umaji. Mwenye nafaka akaeleza kuwa ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini asiiweke juu ile iliyolowa, watu wapate kuiona. Na hapo ndipo lilipotoka lile onyo kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Hadithi hii twaijua sote tangu chuoni, walakini aghalabu twaisoma kama kwamba ni habari ya nafaka mbichi tu. Hebu itazame tena. Hatusimuliwi humo kwamba mtu yule alitamka uongo, wala kwamba aliisifu nafaka yake. Kosa lilikuwa katika mpango wake wa vitu: kavu juu, mbichi chini. Lilikuwa, kwa maneno mengine, kosa la pambo.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria (1111 Miladia), aliliingia jambo hili kwa ndani zaidi katika Ihya yake, mahali anapoeleza adabu za uchumi. Amhesabu kuwa mwenye kughushi yule aonyeshaye upande mzuri wa nguo akauficha wa pili. Na yule atandazaye nguo mahali penye giza. Na yule atoaye kiatu kilicho bora katika jozi akakificha mwenziwe. Kila tusomapo hayo twastaajabu, maana mtu angedhani mwanachuoni huyu amepita jana asubuhi katika mtaa wetu.

Tofauti ni kwamba giza la siku zetu halina haja ya kuwa giza. Laweza kuwa mwanga. Chini ya taa ya manjano iliyo hafifu, buluu iliyokoza huonekana nyeusi, na mama anunuaye buibui jeusi hufika kwake, akalitoa uani mchana, akalikuta si jeusi. Chini ya taa yenye weupe wa kibuluu, kanzu iliyoanza kugeuka rangi kwa kukaa kabatini huonekana kana kwamba imetoka leo kiwandani. Vijana huambiwa na wauza taa kwamba mwanga fulani huuza. Ni kweli huuza. Na mwenye nafaka naye alikuwa akiuza.

Sisi tuliolelewa nyuma ya kaunta tulifundishwa kauli moja ya kumwambia mnunuzi wa nguo: ipeleke mlangoni, mama, uitazame. Kauli hiyo yataka nafasi, na nafasi hiyo ndiyo pambo la kwanza la duka dogo. Acha hatua mbili karibu na mlango zisizo na kitu. Weka hapo kioo kimoja kirefu, na kiti kimoja kwa ajili ya mzee. Mchana mwanga wa nje utafanya kazi yake bure. Kwa usiku tia taa za namna moja, zenye weupe ulio karibu na wa mchana, uzielekeze katika nguo wala si katika macho ya mteja. Kuta zipigwe chokaa au rangi nyeupe, kwani weupe huurudisha mwanga, na chumba chembamba huonekana kimepanuka.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa mtaani petu alituita tukalitazame duka la mwanawe. Kijana alikuwa amefungua duka la buibui, kanzu na kofia, na mama aliuza bangili zake nne za dhahabu, alizozipata katika mahari yake, ili kumpatia rasilmali. Tuliingia tukaona vioo pande tatu za ukuta, taa za rangi zinazowaka na kuzima, maua ya plastiki, na sanamu tatu zilizovishwa mabuibui. Duka lilimetameta. Lakini zaidi ya nusu ya rasilmali iliishia katika huko kumetameta, na iliyobaki haikutosha kuzijaza rafu. Basi akazijaza kwa maboksi matupu. Watu waliingia, wakasifu, wakauliza saizi, saizi haikuwapo, wakatoka. Mwezi wa tano ulipoingia alikuwa na deni la kodi la miezi miwili, na mama yake alikuwa halali usiku.

Hakuwa mvivu, wala hakuwa mjeuri. Tulikaa naye jioni mbili, akasikiliza vizuri. Tulimwuliza ana kitu gani ambacho maduka ya jirani hayana. Akajibu bila ya kufikiri: kofia za mkono, ambazo jamaa zake wa kike walio Lamu humshonea. Tukamwuliza ziko wapi. Zilikuwa chini ya kaunta, ndani ya boksi la viatu.

Basi tukalianza duka upya kutoka katika boksi lile. Vioo viwili vikatolewa, kikabaki kimoja cha mlangoni. Taa za rangi na zile sanamu akaziuza kwa hasara, akanunua buibui za saizi zilizokuwa zikiulizwa. Maboksi matupu yakatupwa, na rafu zilizobaki wazi zikang'olewa, kwa sababu rafu tupu humwambia mteja kuwa duka lakufa, hali ukuta mweupe haumwambii neno. Kofia tukazipa ukuta ulio mkabala na mlango. Kofia ya viua ikilazwa ni kama kitambaa kilichokunjwa. Uzuri wake wote umo katika vile vitundu vilivyozungushiwa uzi, navyo havionekani mpaka kofia isimame na mwanga upite ndani yake. Kijana akatafuta vibuyu vya ukubwa wa kichwa, akavipaka chokaa, akavipanga juu ya ubao mmoja mrefu, saba tu, kila kofia mbali na mwenziwe kiasi cha shibiri. Wallahi, kwa gharama ya ndoo ya chokaa na mbao mbili, ukuta ule ulipendeza kuliko vioo vyote.

Tukamshikilia jambo moja ambalo yeye aliliona dogo. Kofia za mashine alikuwa nazo pia, na macho ya vijana wengi siku hizi hayapambanui kati ya hizo na za mkono. Tukamtaka aziweke mbali, kila fungu na kibao chake na bei yake, na ile ya mkono iandikwe kwamba ni ya mkono. Aliogopa kwamba mteja akiona tofauti ya bei atakimbilia za mashine. Wengine walikimbilia, ndiyo. Wengine waliuliza kwa nini hii ni ghali mara kadha, na hapo yeye akapata kueleza habari ya mwanamke akaaye na sindano wiki kwa wiki, hata miezi, mpaka kofia moja imalizike. Bangili za mama hazijarudi bado. Lakini deni la kodi limelipwa, na duka lingali wazi tunapoandika haya.

Wenye kuuza leso, au kanga kama wazitavyo wenzetu wa Unguja na Mrima, wana neema yao ya pekee, maana bidhaa yao imezaliwa na pambo. Ina pindo, ina mji, na ina jina. Na hilo jina, lililoandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kizungu, ndilo wanawake wengi wasomalo kabla ya kutazama rangi. Tukipita Mtaa wa Biashara mara nyingi twaona leso zimekunjwa zikapangwa kama matofali, majina yakafichwa ndani ya mikunjo, na mteja hutaabika kumwomba muuzaji afunue ishirini ili asome ishirini. Jambo hili ni jepesi kulitengeneza. Pitisha ufito au kamba karibu na dari, utundike doti chache zilizofunuliwa, jina likiwa chini usawa wa macho. Nyingine zikunje ili jina lije nje, mbele ya rafu. Na uchague. Yako majina ya dua na ya shukrani, na yako ya kumtupia jirani maneno. Hatusemi muuzaji ayatupe hayo ya pili baharini, bali kuyatundika mlangoni yasomwe na kila mpita njia ni kujifanya tarishi wa fitina za watu.

Tena leso ya mlangoni isikae zaidi ya wiki. Jua la asubuhi hula rangi, na nguo iliyokunjwa hupauka katika mstari wa mkunjo kwanza, mahali ambapo mteja hatapaona mpaka afike kwake. Ikipauka, iuzwe kwa bei ya iliyopauka na mnunuzi aambiwe. Hali kadhalika attari na mafuta ya uzuri: joto na jua huyaharibu harufu, kwa hiyo chupa zinazong'aa dirishani na ziwe tupu, za kuonyesha tu, zijulikane kuwa ni za kuonyesha, na zenye mafuta zikae ndani kivulini. Na mwezi wa masika viatu vya ngozi visigusishwe na ukuta, vitashika ukungu.

Kuhusu sanamu za kuvalisha nguo, wanavyuoni wamesema mengi, na kila nyumba ina mwalimu wake wa kumrejea. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi ya kwamba Jibrili (A.S.) aliagiza kichwa cha sanamu iliyokuwa nyumbani kikatwe ili ibaki kama umbo la mti. Kwa ajili hiyo wenye maduka wengi huweka zisizo na vichwa, na hilo li karibu zaidi na salama. Lakini sisi, tukiweka fikihi kando kwa kitambo, twasema pia kwa jicho la duka: kanzu na buibui ni nguo zilizokatwa kwa unyofu, na uzuri wake ni kule kushuka kwake. Kijiti cha kupita mabegani, kikaning'inizwa kwa kamba, huzishusha vizuri kuliko mwili wa plastiki uliotengenezwa kwa ajili ya gauni la kubana. Na ile sanamu yenye kiuno na kifua, iliyovishwa buibui likafungwa pini nyuma ili libane, yamwonyesha mteja nguo ambayo haiuzwi dukani mle. Hapo tumerudi katika ile chungu ya nafaka.

Tasriya ni mlango wa namna hiyo hiyo. Waarabu wengine walikuwa wakiacha kumkama ngamia au mbuzi siku kadha kabla ya kumwuza, kiwele kikajaa, mnunuzi akadhani ni mwenye maziwa mengi. Bwana Mtume (S.A.W.) alikataza, akampa mnunuzi hiari ya kumshika au kumrudisha pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokamua. Mwenye duka aliyejaza rafu kwa maboksi matupu hauzi maboksi, hilo twalikubali. Lakini na ajiulize kiwele chake kimejaa nini.

Yako na mapambo yanayotoka nje ya duka yakaingia katika haki za watu. Njia zetu ni nyembamba; punda apita, mkokoteni wapita, na kipofu apita akipapasa ukuta kwenda msikitini. Njia ina haki yake katika dini, na kuondoa udhia njiani ni katika matendo ya imani. Baraza iliyojaa ndoo, mikeka na hanga za nguo mpaka katikati ya njia humlazimisha mama mwenye mtoto mgongoni kupita mtaroni. Nayo sauti ya vipaza sauti inayowekwa mlangoni ili kuita wateja, hiyo hatuna neno refu juu yake. Kila asomaye mwisho wa Sura ya Al-Jumu'a ajua kilichotokea Madina siku msafara wa biashara ulipoingia.

Misahafu na vitabu, kwa wanaoviuza pamoja na nguo, viwe na rafu ya juu peke yake, si chini ya viatu wala sakafuni. Aya iliyoandikwa vizuri ukutani twaipenda, lakini isitundikwe mahali patakapofunikwa na nguo zinazouzwa, wala isipigwe chapa katika karatasi za kufungia bidhaa, ambazo jioni huonekana jaani. Bei nayo iandikwe iwe wazi. Mtoto aliyetumwa na mama yake, na mgeni asiyejua soko, walipe sawa na mjanja wa mtaa.

Limebaki dirisha jipya, na vijana wetu wa kike waliofungua biashara zao nyumbani hawana jingine ila hilo, nalo ni picha za simu. Twaona humo mambo mazuri. Twaona pia buibui lililopigwa picha Istanbul au Dubai, likachukuliwa likabandikwa kama bidhaa ya mwuzaji wa Kisauni, na kitu kinacholetwa mlangoni hakifanani nalo hata kwa kitambaa. Bwana Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho, na kwa bidhaa ya kuagizwa iko njia ya salam yenye masharti yake, ambayo mwenye biashara ajifunze kabla hajapokea fedha ya mtu.

Mwenye mali yake mkononi na aipige picha mwenyewe. Aitundike karibu na dirisha asubuhi, jua likiwa halijaingia ndani, na karatasi nyeupe ubavuni mwake, ili rangi ya nguo ipimwe na weupe wa karatasi. Asiongeze rangi kwa vile vitufe vya simu. Aonyeshe mbele na nyuma, na pindo kwa karibu. Aandike urefu kwa inchi, kwa maana saizi ya kati ya fundi huyu si ya fundi yule. Kama ina kasoro, apige picha na kasoro. Na ikishauzwa, aiondoe siku hiyo hiyo.